Mtoto wa Kwenye Mlizamu

Mvua ya kwanza ya masika ikianguka hapa Ukunda, wenzangu hukimbilia kuanua nguo. Mimi huanza na bomba linaloteremsha maji ya paa. Nainama, naweka sikio, nasikiliza mpaka niyasikie maji yakija, ndipo naenda kuanua nguo ambazo kufikia hapo zimesharowa. Mume wangu alinicheka mwaka wa kwanza wa ndoa. Wa pili akaacha, maana alikwisha kuniuliza nasikiliza nini na nikamjibu. Inayoniinua kitini ni ile harufu ya vumbi likirowa juu ya saruji. Ikinifikia puani tu, mimi si wa hapa tena.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na nyanya zenu kwa kuwa mama zenu walikuwa Saudia, najua mwaniona nilibahatika. Miaka ile kila mtaa ulikuwa na ajenti, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwisha kupimwa damu akingoja viza. Wenu waliondoka wakawaacha. Wangu walinichukua. Kafili, yaani mwajiri wa huko aliyetuombea viza, alitaka dereva aliye na mke wa kumpikia, akakubali mke aje na kitoto kimoja, bora kisilie. Basi sikulia. Niliishi Riyadh kwenye chumba kilichoshikana na lango, nikijifunza kucheza bila sauti, na mpaka leo nikicheka watu hugeuka kuangalia kama kweli ni mimi.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, yenye paa bapa la zege lililozungukwa na ukuta wa kimo cha kiuno. Asubuhi Baba alimpeleka bosi ofisini kwake, mtaa wa Olaya, alasiri akamrudisha, na katikati ya hapo kazi yoyote ya nyumba iliyotaka mwanamume ilikuwa yake. Paa lilikuwa kazi yake. Alinifunza kwamba paa bapa haliuawi na mvua, linauawa na uvivu. Kila pembe ilikuwa na mlizamu, bomba la kuteremsha maji, na tundu lake la juu lilifunikwa kwa wavu wa chuma, na kabla ya msimu wa mvua alipanda na ufagio, akazoa vumbi la jangwani, mifuko ya nailoni na manyoya ya njiwa, akang'oa wavu, akaingiza mkono, kisha akamimina ndoo ya maji na kunipigia kelele mimi niliyekuwa chini uani, "Yaja?" Nami nikijibu, "Yaja!" Nyufa alizipaka lami. Kikubwa alichokiogopa kilikuwa mvua ya mawe. Barafu, akisema, haina haraka ya kuondoka. Hukaa juu ya wavu ikauziba, maji yakakosa njia, na paa likageuka karai. Mtu asiyeziweka wazi njia za maji mapema hana la kufanya siku hiyo.

Jikoni alikuwepo Mama. Ghorofani alikuwepo Anti Mwende, Mkamba wa Kitui, na kazi yake ilikuwa Jida. Jida ndivyo tulivyomwita sote mamake bosi, yaani bibi wa nyumba ile. Alikuwa mzee wa kulala tu. Mwende ndiye aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji wa ngano kijiko kwa kijiko, na Jida hakumtaka mwengine. Mama akijaribu kumlisha, alifumba mdomo kama mtoto. Mkataba wa Mwende ulikuwa umekwisha zamani. Kila alipoomba kurudi kwao, madam, mke wa bosi, alimwambia neno moja, bukra, kesho, Jida akipata nafuu kidogo utaenda. Na Jida hakuwa akiumwa ugonjwa wa kupata nafuu. Alikuwa akiumwa uzee.

Kwao Mwende alikuwa amemwacha mwanawe, Mutua, wa umri wangu, na mtoto huyo alikuwa na kifua kibovu. Hili nililijua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, kwa kulisikia likisemwa juu ya kichwa changu. "Dada, usiku hapumui vizuri," Mwende akimwambia Mama wakichambua mchele. "Nyanyake anampaka mafuta ya kifua, lakini mimi ndiye najua kumlaza." Mama akimwambia Mungu yupo. Sikuwahi kujiuliza Mwende alizipata wapi habari hizo, maana simu yake madam aliichukua siku ya kwanza alipotia mguu mle ndani.

Mlizamu wa pembe yetu ulitokea karibu na mlango wa chumba chetu. Ulikuwa bomba nene la plastiki lililopita ndani ya ukuta wa chumba cha Jida na kufungua mdomo wake chini, usawa wa magoti yangu. Hapo ndipo nilipochezea. Na hapo ndipo, alasiri moja tulivu, niliposikia mtoto akikohoa ndani ya bomba.

Nilisogeza sikio. Akakohoa tena, halafu akazungumza. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mbali, yenye mwangwi, na ilizungumza Kiswahili. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko bomba lenyewe, maana sikumjua mtoto mwengine wa Riyadh nzima aliyezungumza Kiswahili. Alisema amechoka. Alisema ng'ombe amezaa. Alisema, "Mama, unakuja lini?" na kisha kikohozi kikamshika hata maneno yakamkatikia. Kulikuwa na mvumo mwengine, mzito zaidi, uliomjibu, lakini sikuutambua. Mimi nilishaamua: mle ndani mnaishi mtoto, anaumwa, na mamake amemsahau.

Basi nikaanza kumlisha. Nilimwekea biskuti mdomoni mwa bomba, nikamwekea wali uliobaki, siku moja nikamwekea nusu ya yai langu. Kila nilichoweka hakikuwepo asubuhi. Riyadh ina paka na sisimizi wa kutosha, lakini mimi sikuwafikiria hao. Siku nyengine alikuja, siku nyengine hakuja, na alipokuja ilikuwa alasiri, wakati madam amelala. Nilimzoea. Siku alipokohoa sana kuliko siku zote nikashindwa kujizuia. Nikaingiza uso kwenye bomba nikamwambia, "Usilie. Mimi niko hapa."

Bomba likanyamaza papo hapo. Punde si punde Anti Mwende akateremka kutoka paani na beseni la nguo, akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa. Alichuchumaa. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Wewe ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtoto."

"Unamsikia?"

"Kila siku. Anakohoa."

Nilidhani atanigombeza. Badala yake alinipangusa vumbi shavuni na kidole chake, akasema, "Ni mtoto mzuri huyo. Usimwogope. Lakini usimjibu tena, sawa? Ukimjibu ataacha kuja." Nikamwahidi, na ahadi hiyo niliitunza.

Si mimi peke yangu niliyemsikia. Jida naye, kitandani kwake, alimsikia akipita ndani ya ukuta. Alimwita mwanawe, yaani bosi, akamwambia kwamba katika mlizamu wa pembe ile kumeingia jamaa wa chini, yaani majini, pamoja na mtoto wao mchanga, na mtoto anaumwa. Akaamuru yeyote asimwage maji ya moto paani, asipige chuma kwenye bomba, na asiutie mkono mlizamu ule mpaka wenyewe wahame kwa hiari yao. Bosi alikuwa mtu wa shahada na kompyuta, lakini mamake ni mamake, akapeleka amri kwa Baba. Na Baba aliipokea kama mtu aliyekuwa akiingoja. Yeye ni wa Msambweni. Tangu utoto aliambiwa asimwage maji ya moto mahali penye giza kabla ya kusema bismillahi, na hakuhitaji Mwarabu kumfunza adabu za majini. Msimu ulipokaribia akasafisha milizamu mitatu kwa bidii zake zote, na wa nne akaupitia mbali, akiusalimia kwa sauti ya chini.

Sasa niwaambie niliyoambiwa na Mama nilipokuwa mkubwa, ili tusizungukane. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Mama. Ni yeye aliyempatia Mwende kabambe, simu ndogo ya vibonye. Mwende hakuwa na pa kuificha, maana godoro lake lilipekuliwa, na sanduku lake pia. Akaona kule paani kuna tundu ambalo mvua hulifikia mara chache mno kwa mwaka. Aliifunga simu kwa nailoni, akaizungushia kitambaa, akaishindilia kooni mwa mlizamu chini ya wavu. Alasiri alipanda kuanika nguo, akaitoa, akapiga simu kwao akiwa ameinama juu ya tundu lile lile, simu ameifungulia spika na kuitia ndani kwa urefu wa mkono, ili sauti isivuke ukuta ikawafikia majirani. Hakujua kwamba bomba lilimchukua mwanawe likampitisha kwa Jida na kumleta kwangu. Alipojua, habari za majini zilikuwa zimeshaenea, naye akaziacha zimlinde. Hata Baba hakuambiwa, kwa sababu Baba hajui kusema uongo mbele ya bosi. Mama alidhani mvua ikikaribia Mwende atakiondoa kile kitambaa mwenyewe. Mwende naye alidhani mvua itatoa taarifa.

Haikutoa. Baba alikuwa ndiyo kwanza amemrudisha bosi kutoka kazini, mbingu ikageuka rangi ya chai, upepo ukapita na vumbi, na mara mawe ya barafu yakaanza kupiga gari. Watu wa nyumba ile walifurahi kama sikukuu. Madam alitoka na sinia kichwani, watoto wake wakatoka na mabakuli, wanaokota barafu wanaila, wanamshukuru Mungu kwa kheri yake. Nami nilipewa bakuli. Uwanja wote uligeuka mweupe, na harufu ile, ya vumbi na saruji, ikapanda.

Mama ndiye aliyeona. Alisimama mlangoni mwa jikoni akitazama kuta. Pembe tatu za nyumba zilikuwa zikitapika maji na barafu. Pembe yetu haikutoa hata tone. Nilipiga magoti nikatazama ndani ya bomba kavu, na nikaelewa: mtoto ameyazuia maji kwa mgongo wake, na hataweza kuyazuia muda mrefu.

Juu, Jida akapiga ukelele. Dari ya jasi iliyo juu ya kitanda chake ilikuwa imepasuka kutoka pembeni na maji ya kahawia yakimdondokea miguuni. Kitanda kilikuwa kizito, cha chuma, kimebanwa kati ya kabati na ukuta. Bosi na Baba walikimbilia paani na makoleo, nami nikawafuata, hakuna aliyenikumbuka. Upepo ulikuwa umeisukuma barafu yote kwenye pembe ile. Ilirundikana hadi katikati ya muundi wa Baba, na nyuma yake maji yamesimama. Baba alijua la kufanya na alilifanya: hakuimwagia maji, aliikata njia, akaisukuma kando kuelekea mlizamu wa pili, akaufikia wavu, akaung'oa. Maji yakazunguka juu ya tundu yasishuke.

"Tia mkono," bosi akasema. "Yalla, tia mkono."

Baba alikunja mkono wa kanzu mpaka begani, akasimama. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. "Bosi, mama amekataza. Pana wenyewe."

Bosi alilitazama tundu. Hakumgombeza. Wala yeye hakutia mkono. Chini yetu tulisikia kipande cha dari kikianguka, na Jida akiita jina la Mwende, si la mwanawe.

Mama alikuwa chini na Jida, akivuta kitanda kisichovutika, na Mwende alikuwa upande wa pili. Mama husema kwamba Mwende aliinua kichwa akaitazama ile dari kwa muda ambao Mama hajausahau. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Dari ile ikimwangukia Jida, neno bukra lingekwisha, na Mwende angepanda ndege. Alilijua hilo, na Mama alijua kwamba analijua. Halafu akaliachia pindo la kitanda akapanda ngazi.

Alitutokea paani bila viatu. Alitembea juu ya barafu kama mtu anayetembea shambani, akampita bosi, akampita Baba, akalala kifudifudi na kuingiza mkono mpaka kwapani. Alivuta. Akavuta tena, na kitambaa kikatoka, kirefu, kimevimba kwa maji, na maji yote ya paa yakaingia kwenye tundu kwa mlio ambao ndio ninaousikiliza mpaka leo.

Madam alikuwa amefika mlangoni mwa ngazi. Aliona Mwende amekipakata kile kifurushi. Alikichukua, akakifungua kitambaa, akafungua nailoni, na simu ikatoka ndani yake kavu kabisa. Mwende alikuwa ameifunga vizuri. Madam aliitia mfukoni. "Halas," akasema, yaani basi, yamekwisha, na akateremka.

Mimi nilikuwa nikikitazama kitambaa nikitafuta vidole vya mtoto. Sikuona vidole, basi nikateremka mbio hadi uani kumtafuta. Bomba lilikuwa likitoa maji kwa nguvu, barafu, vumbi na manyoya, nami nilisimama ndani ya maji yale nikiyatazama yakipita chini ya lango kwenda barabarani. Kesho yake alasiri nilikaa nikasikiliza. Na kesho yake tena.

Dari iliyobaki haikuanguka. Jida hakupata hata mkwaruzo. Lakini Mwende alipoingia usiku ule kumbadilisha nguo, Jida aligeukia ukutani na kutetemeka. Walimweleza kwamba ilikuwa simu. Hakusadiki. Alisema aliisikia sauti ya mtoto kwa masikio yake, na tangu yule mwanamke atie mkono mle ndani sauti imekoma, na wenyewe watakuja kumdai mtoto wao. Hakukubali kuguswa naye tena. Sasa hapakuwa na sababu ya kumweka, na ungedhani hapo ndipo wangempa ruhusa yake ya kutoka. Madam alimpeleka Jeddah, kwa dada yake, mtaa wa Al-Safa, ambako kulikuwa na watoto wachanga na hapakuwa na mtumishi. Mwende alituaga kupitia dirisha la gari. Mama alimpa kanga yake. Mimi nilijificha, maana katika akili yangu ni yeye aliyempoteza yule mtoto wa bombani.

Likizo iliyofuata familia ilikwenda Jeddah nasi tukachukuliwa. Siku ya kwanza tu Mama alimsihi Baba, ambaye sasa alishaambiwa yote, na Baba akapita mtaa wa Sharafiya, akanunua kabambe mpya kwenye kibanda cha simu, akaificha ndani ya mfuko wa vitunguu. Jioni Mama akanishika mkono tukaingia jikoni mwa nyumba ile ya Al-Safa. Mwende alikuwa akichemsha chupa za watoto. Alikuwa amekonda. Walikumbatiana na Mama, na Baba akasimama mlangoni akaweka mfuko mezani.

"Ndani ya vitunguu," akasema. "Tafadhali, shemeji yangu. Mpigie mtoto."

Mwende aliitoa simu. Aliigeuza, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha mezani taratibu.

"Nimpigie nani, shemeji?"

Chupa ziligongana ndani ya sufuria. Alisema madam wa hapa si mbaya, alimruhusu kutumia simu ya nyumba mara moja, na mara hiyo moja jirani wa kwao ndiye aliyepokea. Mutua alizidiwa kifua wakati wa mvua. Walimpigia mamake siku zote zile, usiku na mchana. Simu iliita, haikupokewa. Walikuwa wameshamzika. Alisimulia yote hayo akigeuza moto uwe mdogo, ili maji yasifurike. Mama aliketi sakafuni akalia kwa sauti aliyonikataza mimi kuitoa tangu tufike nchi ile, na Baba akageuka akaitazama bawaba ya mlango.

Mwende hakulia. Aliniona mimi. Nadhani ndiyo kwanza aliniona. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega kwa mikono yenye moto wa mvuke.

"Wewe ulimsikia," akasema. "Hapa hakuna mwengine aliyemsikia. Niambie, sauti yake ilikuwa vipi?"

Sikujua kuieleza sauti. Nilikuwa mtoto. Nilijua kuifanya tu, kwa sababu nilikuwa nimeifanya mara nyingi chumbani peke yangu, nikijizungumzisha. Basi nikavuta pumzi, nikaifanya nyembamba, nikaiweka mbali, nikakohoa kidogo mwanzoni kama yeye, nikasema, "Mama."

Mama yangu aliacha kulia. Vidole vya Mwende vilinikaza mabegani, na akafumba macho.

"Umekula?" akaniuliza.

Swali hilo sikuwahi kumsikia Mutua akilijibu ndani ya bomba. Lilikuwa langu kulijibu.

"Nimekula, mama," nikasema. "Nimeshiba."